Majamvi Chini ya Bati

Shule ya Wasichana ya Misheni,
Shinyanga
4 Mei 1952

Dada Apolonia,

Shikamoo. Ni mzima na nimekasirika, kwa hiyo niruhusu niziruke salamu ndefu.

Jana Baba alipita hapa akitoka mnadani. Kwetu Nyahanga kijiji kizima kimekwisha kusikia kwamba binti yake mkubwa analala chini ya bati, na kwamba mwanawe Onesmo, karani wa kambi ya mgodi, ndiye aliyemtafutia mumewe kazi na nyumba. Neno bati analitamka kama jina la mkwe wa pili. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni, ile unayosema kwamba alfajiri bati linawadondoshea maji kitandani, kwamba mwanao Klara anaamka na blanketi bichi, anakohoa mpaka anatapika, na mchana mnakimbilia nje wote kwa sababu ndani panaoka. Nilimsomea. Akasema, "Apolonia tangu utoto ni mtu wa kulalamika."

Wewe! Mlalamikaji wa nyumba yetu ni mimi, na kila mtu anajua.

Wiki hii nilikuwa na somo la Utunzaji wa Nyumba. Kitabu kinataka niandike ubaoni: Nyumba bora ni ya bati. Niliandika maneno mawili, mkono ukakataa. Wasichana walifikiri nimesahau. Nilikuwa nalikumbuka tembe la Mama, paa lake la miti na udongo mzito, ukuta mnene kama mgongo wa ng'ombe, ndama wakipumua upande wa pili wa kiambaza. Tulinuka moshi na mavi ya ndama, ndiyo. Papasi walituuma, ndiyo. Lakini sikumbuki kutetemeka. Bati ni ngozi isiyo na nyama. Jua likija linaingia, baridi ikija inaingia, na mtoto yuko hapo chini anapokea vyote.

Usingoje kampuni. Tia kitu kati ya Klara na hilo bati: nyasi, mikeka, chochote kikavu chenye unene. Na jiko la mkaa usilifungie ndani, hata baridi ikiuma namna gani. Moshi wake huua watu waliolala.

Nisalimie shemeji Maige.

Mdogo wako,
Eufrasia


Kambi ya Mgodi wa Mwamba Mweupe,
Geita
25 Mei 1952

Mwalimu wangu,

Marahaba. Barua yako iliniunguza vidole, lakini imenisaidia. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Kila Jumamosi gari la samaki linakuja kutoka Nkome. Juu ya magunia ya dagaa huwa kuna majamvi ya mafunjo, wanawake wa Kizinza huyasuka huko ziwani. Nikabadilishana nao kwa karanga alizoniletea Mama. Mimi na Maige tuliyashona kwa kamba ya katani, tukayatundika kwenye boriti, safu mbili, katikati tukajaza nyasi kavu. Ghati, yule jirani yangu Mkurya, akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Klara, nyumba unaivika kanzu? Nani anaioa?"

Nikamwambia ingia kwanza. Ilikuwa jua kali la mchana. Akaingia, akatazama juu, akakaa chini. Hakutoka mpaka jua likapungua. "Sasa mume simhitaji tena," akasema. "Nahitaji jamvi." Jumamosi iliyofuata wanawake wa safu yetu ya nyumba walilivamia gari, wanaume wakagomba kwamba dagaa wamekanyagwa.

Na Klara, Eufrasia, analala. Matone hayatufikii. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Juzi alicheka usingizini nikamwamsha kwa hofu, sikujua sauti ile ni ya nini. Nilikuwa nimesahau kwamba watoto hucheka usingizini.

Kuna jambo jingine, sijui litakuchekesha au litakukasirisha, kwako vitu hivyo vinakaa jirani. Maige ametolewa shimoni kwa muda, wamempeleka kuezeka upya ghala la baruti. Ghala hilo lina kuta mbili za mawe, katikati wamejaza mchanga. Bati lipo, lakini juu yake wameezeka nyasi nene na chini yake wamepiga mbao. Maige akamwuliza nyapara kwa nini baruti inajengewa kama mtemi. Nyapara akamjibu kwamba joto likizidi baruti hutoa jasho, na ikishatoa jasho haina adabu, inaweza kuondoka na watu. Maige akasema, "Basi kumbe kosa la mwanangu ni adabu." Wenzake walicheka. Yeye alipofika nyumbani hakucheka.

Dada yako,
Apolonia, Mama Klara


Ofisi ya Kambi,
Mwamba Mweupe
17 Juni 1952

Mdogo wangu Eufrasia,

Hujambo? Huku mimi na wifi yako Melania hatujambo. Yeye ni mjamzito, na Mungu akipenda nawe utaitwa shangazi kwa upande wangu.

Nakuandikia kama kaka. Acha kumwandikia Apolonia mambo ya ujenzi. Hujui kambi ilivyo. Ukimwambia mtu mmoja, Jumamosi inayofuata safu nzima imekuiga. Sasa panya wameonekana ndani ya majamvi, wamezaa humo kwenye nyasi. Tauni ikiingia mahali watu wamebanana namna hii, nani atahesabu makaburi? Bwana Afya wa kampuni ametoa amri: nyasi, majamvi na magunia yote yatolewe ndani ya nyumba za wafanyakazi na kuchomwa moto. Amri imekwisha kutekelezwa, Jumatatu ya wiki iliyopita. Wanawake kadhaa walipiga kelele, hasa yule Mkurya, lakini kazi ilikwenda kwa utaratibu na mambo yametulia.

Nyumba ni za kampuni, si zetu. Mbao za dari zimekwisha kuombwa na zitaletwa kwa zamu, kwanza nyumba za makarani.

Apolonia ameelewa. Klara ana mafua kidogo kama watoto wote wa msimu huu.

Usisahau ni nani aliyemshawishi Baba akuache usome.

Kaka yako,
Onesmo


Shinyanga
29 Juni 1952

Kaka Onesmo,

Shikamoo, kwa kuwa Mama alinilea.

Sijasahau ni nani aliyemshawishi Baba. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kiambaza nikakusikia: "Mwache asome, siku moja atatusemea." Nimekuja kusema, na wa kwanza kuniziba mdomo ni wewe.

Umeandika kwamba amri imetekelezwa, kana kwamba amri ina mikono. Nataka jina la mtu. Nani aliweka ngazi juu ya kitanda cha dada yangu? Nani alikata kamba?

Panya nawajua. Tauni naiogopa kama wewe. Lakini panya hutegwa, hufugiwa paka, nafaka huinuliwa juu ya vichanja, na majamvi hushushwa yakaanikwa juani yakarudishwa. Ninyi mmempiga vita panya kwa kumvua nguo mtoto. Halafu niambie, ghala la baruti mnaliezeka nyasi, panya wa huko wanaheshimu kampuni? Bwana Afya huko hafiki na kiberiti?

Kinachoniwasha ni hiki. Ujinga ningeusamehe. Ningesema hawa watu wametoka nchi nyingine, hawajui bati linafanya nini kwetu. Lakini aliyejenga ghala lile anajua. Anajua joto, anajua baridi, anajua kitu gani kiwekwe katikati na unene wake. Ameijua dawa, akaipa baruti. Na wewe unapita mbele ya ghala hilo kila asubuhi ukienda ofisini, tai shingoni.

Nakuomba: mchukue Klara na mama yake nyumbani kwako mpaka baridi ipite. Kuta zako ni za matofali hadi kiunoni, angalau hizo. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti, na hasira yangu nimepiga nayo magoti.

Eufrasia


Shinyanga
27 Julai 1952

Dada,

Mbona kimya? Barua zangu zimekuwa kama mawe yanayotupwa kisimani.

Onesmo naye hajibu. Nimekwisha kujieleza sababu: nilimwandikia nikamwuliza nani alikata kamba, nikamwomba akuchukue wewe na Klara nyumbani kwake, amewachukua, na sasa anaona aibu kukiri kwamba mdogo wake wa kike alisema kweli. Basi asikiri. Alale na fahari yake, mradi Klara yuko nyuma ya matofali.

Namtumia sweta. Nimelifuma mwenyewe wakati wasichana wanafanya majaribio, ndiyo maana mkono wa kushoto umezidi. Mikono niliifanya mirefu makusudi. Ikunje mwaka huu, mwakani itamtosha.

Niandikie hata mstari mmoja.

Eufrasia


Geita
10 Agosti 1952

Eufrasia,

Sweta limefika. Amelivaa mtoto wa Ghati.

Klara tulimzika mwezi wa sita, kabla hujaiandika ile barua ya kumwombea mahali. Barua zako za kabla ya hii hazikunifikia, na kaka aliniambia amekwisha kukuarifu. Aliniambia hivyo makaburini, nikaamini, ndipo nikawa sishangai kwamba huniandikii pole. Nilidhani umekasirika mpaka umekosa maneno. Leo nimelishika sweta na kuona ile mikono, nikajua kwamba hukuambiwa.

Uliuliza nani alikata kamba. Ni yeye.

Walikuja asubuhi, yeye na askari wawili wa kambi na ngazi. Angeweza kuanza na nyumba ya mwanzo wa safu. Alipita zote akaja kwangu. Akasema kwa sauti, watu wasikie, "Naanza kwa dada yangu, ili mtu asije akasema karani ana upendeleo." Wanaume wengine wakamsifu. Nilimwona shingo yake, Eufrasia, ilinyooka kama ya jogoo. Ghati akamwambia, "Karani, ungeanza kwa mama yako mzazi tungekupigia vigelegele." Wakamsukuma.

Alipanda mwenyewe, akakata mwenyewe. Nyasi zilimwangukia Klara kitandani. Alifikiri ni mchezo. Alicheka, akazirusha juu, akaniita, "Mayu, mvua! Mvua!" Kisha wakayachoma majamvi nje, mbele ya mlango, na mtoto akanyoosha mikono yake kuota moto.

Wiki ile baridi ilishuka sana. Bati likarudi kutunyeshea. Maige alikuwa zamu ya usiku, nami nilimlaza Klara juu ya tumbo langu, nikatufunika wote wawili kwa blanketi. Upande wa juu alikuwa anapoa. Nilimgeuza kama mtu anayegeuza muhogo motoni. Kwenye zahanati dresa alimweka sikio kifuani, akaniuliza tunalala wapi. Nikamwambia nyumba ya kampuni. Akaandika nimonia, akanipa vidonge, hakuuliza tena.

Hatuko kambini sasa. Maige ameacha kazi, tumekata miti huku Kalangalala tumejenga nyumba ya udongo, mnene, na nyasi juu. Bernadina, mwanamke mmoja wa Kizinza, ananifundisha kusuka majamvi. Nayauza. Mikono ina kazi.

Hasira yangu siioni iko wapi. Naitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Wewe unazo nyingi, nitunzie na yangu.

Apolonia


Ofisi ya Kambi,
Mwamba Mweupe
16 Novemba 1952

Mdogo wangu Eufrasia,

Barua yako ya Agosti ninayo. Sikuijibu kwa sababu hamna ndani yake jambo ninaloweza kulikana. Hii nakuletea kwa mkono wa dereva wa lori la pamba. Anarudi baada ya siku mbili, tafadhali usimwachilie mikono mitupu.

Melania amejifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kiume, tumemwita Donatus. Ni mdogo, Eufrasia. Anaenea kwenye kofia yangu. Dresa amesema apate joto lisilokatika, basi, hana dawa nyingine. Na mvua zimeanza. Bati linapiga kelele hatusikiani, linapoa kama upanga, na asubuhi linadondosha. Mbao za dari hazijaja. Ukimshika Donatus mguu ni kama umeshika chura. Melania analala ameketi, mtoto kifuani, na mimi nimesimama nimewafunika wote wawili kwa koti langu la ofisini.

Jana Melania alinitazama akasema, "Kamwombe dada yako majamvi." Nikalivuta koti liwafunike vizuri. Akasema tena.

Apolonia hazungumzi nami. Nikimkuta njiani nasimama, yeye anapita. Kwa hiyo nakuomba uniombee. Wewe ukisema atasikia. Kwetu, unajua, mtoto mchanga hulazwa mara ya kwanza juu ya mkeka wa shangazi yake. Mwambie ni desturi tu hiyo. Mwambie Maige ayalete giza likiingia, kwa njia ya nyuma ya kinu cha kusagia mawe. Kwa nyumba za makarani amri haikusema wazi, lakini sipendi maneno ya watu.

Najua ninachokuomba.

Kaka yako,
Onesmo


Shinyanga
19 Novemba 1952

Dada Apolonia,

Shikamoo. Dereva anasubiri nje na injini inanguruma, kwa hiyo nitasema kama nilivyo.

Nimeiweka barua ya Onesmo ndani ya hii. Isome mwenyewe. Sikutaka kuyageuza maneno yake mdomoni mwangu yakapata ladha nzuri.

Mimi nasema usimpe.

Ona anavyoomba. Ameruka mji wako ulio mlangoni kwake, akazungusha ombi mpaka Shinyanga. Anataka joto liingie kwa njia ya nyuma. Mchana alikata jamvi la Klara mbele ya watu ili asifiwe, la mwanawe anataka litundikwe gizani ili asisemwe. Na bado anatuletea desturi ya shangazi! Klara naye alikuwa na mjomba.

Nikuambie jambo ambalo sitamwambia padri. Nilipofika pale anaposema mguu wa mtoto ni kama chura, nilifurahi. Ni kwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi, mtoto wa watu, mtoto wetu. Niliketi kwenye kitanda changu nikaitazama furaha hiyo kama nyoka aliyeingia chumbani. Uliniomba nikutunzie hasira. Nimeitunza mpaka imekuwa na meno, na sijui tena inamng'ata nani.

Ukisema hapana, likizo nikija nitasimama mlangoni kwake niseme hapana pamoja nawe. Ukisema ndiyo, sitakuelewa. Lakini nitanyamaza, na unajua kwangu hilo ni zito.

Eufrasia


Kalangalala
21 Novemba 1952

Kaka Onesmo,

Shikamoo. Barua hii inaletwa na Ghati. Nimemwambia akupe mkononi, ofisini, watu wakiwepo.

Unakaa karibu nami kiasi kwamba jogoo wako namsikia, na ombi lako limefika kwangu kupitia Shinyanga. Eufrasia amesema nisikupe. Maige amesema nisikupe, kisha akatoka nje akapasua kuni ambazo hatuna haja nazo. Nimewasikia wote wawili na wana haki.

Lakini Donatus hakupanda ngazi yangu. Majamvi yake nimekwisha kuyasuka, usiku na mchana. Nimeyasuka mazito, kila moja nimelishona mara mbili na nyasi zimo ndani, zimekauka vizuri, nimezipitisha juu ya moshi ili panya asizipende. Yatawaenea juu ya kitanda na upande wa upepo. Pia kuna mkeka wake mdogo wa kulalia. Huo ni wa shangazi, hauna masharti.

Majamvi yana masharti.

Maige hatayaleta. Ghati hatayaleta. Utakuja wewe. Njoo kesho Jumamosi, zamu zinapopishana, watu wamejaa njiani. Utayabeba kichwani mwenyewe, usitafute mkokoteni. Utapita lango kubwa, utapita safu ya tatu, mbele ya nyumba niliyokuwa nikikaa. Sasa anakaa mtu mwingine pale na ana mapacha. Utapanda ngazi mwenyewe, utafunga kamba mwenyewe, na mlango utauacha wazi. Wanawake watakuja kumwona mtoto, ndiyo desturi, na watatazama juu. Wakikuuliza amri imekwenda wapi, wajibu.

Jumatatu kila nyumba ya safu ile itakuwa na majamvi. Bernadina ameleta mzigo mzima wa mafunjo na tumesuka tukiwa wengi. Wakikutuma na askari na ngazi, anza na nyumba yako, kwa maana wewe ni mtu usiye na upendeleo. Au waambie hapana, ukae na mwanao. Mimi sikuchagulii. Ila nikisikia umekata jamvi la mtoto mwingine na la Donatus bado liko juu, sitakuandikia. Nitakuja.

Usiniletee kitu. Pole yako usiniambie, sina mahali pa kuiweka. Melania mwambie amweke mtoto ngozi kwa ngozi, kichwa amfunike, miguu aishike.

Wahi kabla mvua ya kesho haijaanza. Jamvi likilowa halimfai mtoto.

Apolonia,
Mama Klara